Bazaari ilikuwa chafu, au ilichafuliwa?

Mvua za masika zikishika Nairobi na maji yakaanza kupanda vizingiti vya maduka, hazipiti siku mbili kabla mtu hajaitoa picha ile ya zamani. Unaijua: barabara pana, miti michanga kila upande, riksho mbili tatu, na hakuna hata kibanda kimoja. Kanjo ya enzi hizo, yaani halmashauri ya mji, ilijua kazi, husema wenye kuisifu. Wengine hawakawii kujibu kwamba kanjo ile ilikuwa ya Mzungu, na kazi yake ilikuwa kubagua, basi. Ubishi unaishia hapo, kila mtu ameshinda.

Mimi nina haja na mtu ambaye pande zote mbili humsahau: mwenye duka la Bazaari ya Wahindi, kati ya mwaka 1900 na 1919. Kwenye picha hayumo. Yuko nyuma ya mgongo wa mpiga picha, ndani ya duka la mabati, baina ya magunia ya mchele na madebe ya samli. Masimulizi ya mji humpa sentensi moja: Bazaari ilikuwa chafu, tauni ikaingia mwaka 1902, wakubwa wakaichoma moto. Sentensi yenyewe haina uongo. Ila imeanzia katikati ya habari.

Mwanzo wake msomaji anaujua: reli kufika Mei 1899, makao makuu yake kuhamishwa kutoka Mombasa, na John Ainsworth kuja na ofisi yake ya mkoa wa Ukamba kutoka Machakos. Nisichokisikia kikizungumzwa sana ni kanuni za manispaa za mwaka 1900. Zilipotakiwa kueleza mji unaanzia wapi na unaishia wapi, zilifanya kama mwanafunzi mwenye bikari: zikasimama kwenye ofisi ya Ainsworth, zikazungusha duara lenye nusukipenyo cha maili moja na nusu. Aliye ndani ni mtu wa mji. Aliye nje, shauri yake.

Duara hilo nimelipigia hesabu mara nyingi kuliko linavyostahili. Maili moja na nusu kila upande ni eneo la maili za mraba saba hivi, yaani kilomita za mraba 18. Mwaka 1906 watu wa Nairobi walihesabiwa, wakapatikana 11,512, na mji ulikuwa bado haujapanuliwa. Gawanya ardhi kwa watu. Kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo, kinapata zaidi ya mita za mraba 1,500. Kwa lugha ya madalali wetu wa leo, hizo ni ploti tatu za futi hamsini kwa mia, na chenji inabaki. Mwenye mke na watoto wanne angeondoka na ploti kumi na nane.

Najua utakalosema. Wastani hudanganya, hakuna aliyejenga kinamasini wala katikati ya reli. Sawa, toa kinamasi cha mafunjo kando ya mto, toa stesheni na karakana, toa barabara zote, toa na kilima walikokaa maofisa. Nakuongezea: toa theluthi mbili za duara zima. Bado kila mtu anabaki na ploti moja kamili, na hapo hatujamjengea ghorofa. Mji wa namna hiyo hauna sababu ya kihesabu ya kuwafanya watu walale wamebanana kama dagaa. Kama Bazaari ilijaa, na ilijaa kweli, basi iliyoijaza si ardhi kupungua. Tangu michoro ya kwanza ya watu wa reli, Bazaari ilitengewa mahali pake pembeni ya biashara za Wazungu, ikapewa mitaa yake michache, na nafasi iliyobaki ikawa ya wengine. Biashara ilipokua, na ilikua haraka kwa kuwa mji mzima ulikula kupitia hapo, watu waliongezeka ndani ya mistari ile ile.

Sasa niwape maofisa haki yao, kwa sababu wanaowakejeli huwa hawajawahi kuzibua mtaro. Nairobi iliwekwa pale kwa haja ya injini za treni. Ni tambarare ya mwisho kabla ya reli kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Pazuri kwa kupanga mabehewa, pabaya kwa kuishi. Udongo ni ule mweusi wa mbuga, unaofura ukinywa maji na kupasuka nyufa za kuingia mkono ukikauka. Maji ya mvua hayana pa kwenda, hukaa. Haikupita miaka mitano madaktari wakataka mji mzima uhamishwe. Mwaka 1906 James Hayes Sadler, mkuu wa utawala wa himaya, alilipeleka suala hilo kwa Winston Churchill, wakati huo naibu kwenye wizara ya makoloni London, na Churchill akaona muda umeshapita. Kwa hiyo bwana afya wa Nairobi alikuwa akisafisha mji ambao madaktari wenzake walishasema hausafishiki. Kamati ya Manispaa iliyomtuma ilikuwa ya watu wachache walioteuliwa, mapato yake madogo, na ndani ya duara lake kulikuwa na reli: bwana mkubwa mwenye ardhi yake, nyumba zake, maji yake na utaratibu wake. Kamati isingeweza kumpiga faini.

Tauni nayo haikuwa kisingizio kitupu. Bombay ilikuwa ikizika watu kwa ugonjwa huo tangu 1896, na kati ya Bombay na Mombasa vyombo vilikuwa vikienda na kurudi kila msimu. Daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa ameshaonyesha kule Karachi mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye anayeutoa ugonjwa kwa panya na kumpelekea binadamu, lakini wengi wa fani yake walimcheka, na ilichukua miaka kadhaa mpaka wakakubali. Ofisa wa mwaka 1902 aliamini uchafu wenyewe ndio ugonjwa, umo kwenye sakafu ya udongo, kwenye kuta, kwenye hewa iliyofungiwa. Na dawa ya uchafu ni moto. Asingekuwa wa kwanza. Januari 1900 wakuu wa Honolulu walichoma nyumba za mtaa wa Wachina kwa sababu hiyo hiyo. Upepo ukageuka, mtaa mzima ukateketea, maelfu wakalala nje. Mwaka uliofuata Cape Town iliwatoa Waafrika mjini kwa nguvu na kuwapeleka kambi ya Uitvlugt, nako kukasemwa ni tauni.

Hata ukimkopesha bwana afya elimu yetu ya leo, hoja anayo. Panya hufuata nafaka, na nafaka ilikuwa Bazaari. Magunia yalipangwa juu ya sakafu ya udongo, ukuta wa bati hauzuii panya, na mwenye duka na familia yake walilala nyuma ya magunia hayo hayo. Huo ndio mlolongo kamili wa tauni chini ya paa moja. Sitaki kuuficha.

Lakini fuata gunia hilo linakokwenda. Mchele, unga na dengu vya Bazaari vilikuwa posho ya vibarua wa reli, ya wapagazi, ya askari, na vilikuwa chakula cha jikoni kwa bwana afya mwenyewe. Mji ulihitaji ghala, ukaliweka mahali pamoja, ukalipa ploti ndogo zisizo na mtaro wa maana, kisha ukashangaa kukuta panya. Na moto, kwa panya, ni tarumbeta ya kuhama; nyumba ikiungua hutoka na viroboto vyake kutafuta nyingine. Tauni ilirudi Nairobi, si mara moja.

Mambo makubwa kama moto huandikwa na kukumbukwa. Yaliyoiumiza Bazaari kila siku yalikuwa madogo, ya kikao hadi kikao, na kwangu hapo ndipo penye kesi. Chukua ndoo.

Duka la Bazaari lilikuwa na uso na kisogo. Usoni kuna barabara na wateja. Kisogoni kuna uchochoro mwembamba, na ukutani, chini kabisa, kijilango cha ukubwa wa kupitisha ndoo. Ndani ya kijilango ndiko choo. Usiku mtu wa manispaa anapita na mkokoteni, anafungua, anaivuta ndoo iliyojaa, anasukuma tupu, anafunga. Mpango mzima wa afya wa mtaa unategemea mtu huyo na ng'ombe wake. Mvua ikinyesha wiki nzima, uchochoro ni matope ya udongo ule mweusi, gurudumu linazama hadi kitovuni. Mkokoteni haukuja leo. Haukuja kesho. Siku ya tatu bwana afya, mtu makini, anapita na daftari lake na leso puani, anaona yaliyofurika, anaandika. Anaandika nini? Namba ya ploti na jina la mwenye duka. Kanuni alizopewa hazina safu ya kuandikia mkokoteni.

Ndivyo kumbukumbu za vikao zinavyotengenezwa mahali popote, hata leo. "Ilibainika kuwa hali ya Bazaari hairidhishi. Iliazimiwa ilani itolewe." Nani alibaini, nani alichimba mtaro ukaishia kabla ya kufika mtoni, nani hakununua mkokoteni wa pili, sarufi imewaficha wote. Aliyebaki na jina kwenye karatasi ni Bazaari. Rudia sentensi ya namna hiyo kwa miaka kumi na utakuwa na jalada nene linalothibitisha kwamba watu fulani ni wachafu kwa asili, na kila karatasi ndani yake imeandikwa na mtu mkweli.

Jalada likapata msomaji wake. Mwaka 1913 alikuja Profesa William Simpson, bingwa wa afya ya miji ya joto, mtu aliyewahi kuwa ofisa wa afya wa Calcutta, aliyekuwepo Cape Town wakati wa tauni ya 1901 na Hong Kong mwaka uliofuata. Alitembea Nairobi, akaiona ilivyo, na akapendekeza mji ugawanywe: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na kati ya makazi uachwe ukanda wa wazi. Wanaomtetea husema, na ni kweli, kwamba alizungumzia pia kuondoa maji yaliyotuama, na kwamba alikuwa daktari aliyeona watu wengi wakifa. Ila mapendekezo ya Simpson yalikuwa na bei mbili tofauti. Kuchimba mitaro kulitaka pesa, nyingi, kutoka kwa serikali isiyotaka kutoa. Kuchora mstari kwenye ramani kulitaka wino. Si ajabu mstari ulitangulia.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Bazaari haikuwa ya malaika. Kweli tupu. Kulikuwa na wenye nyumba waliokodisha chumba, na ndani ya chumba wakakodisha pembe. Kulikuwa na matajiri wakubwa, kama A. M. Jeevanjee, aliyeleta vibarua na mafundi wa reli kutoka India, akaujengea mji soko na kuupa bustani inayobeba jina lake hadi sasa, na hakufika hapo kwa kugawa sadaka. Mwenye nyumba Mhindi alifaidika na msongamano kama mwenye nyumba yeyote. Lakini jiulize kodi ya chumba hupandaje. Hupanda pale wapangaji wanapokuwa hawana kwingine pa kwenda. Mtu aliyetaka kuhamisha familia yake kutoka nyuma ya magunia na kuipeleka penye hewa alikutana na masharti ya viwanja, yaliyosema nani anaruhusiwa kukaa mtaa upi. Lawama kwa mwenye nyumba nitazikubali zote, mradi ziandikwe chini ya zile za aliyefunga geti.

Kisha kuna suala la kulipa. Manispaa hukusanya leseni, ada za soko, kodi ya viwanja, na hivyo vyote hukusanywa kwa urahisi zaidi panapofanyika biashara. Wahindi hawakuchoka kusema kwamba wanalipa na hawaoni kinachorudi. Mwaka 1919 kamati ilipopanda daraja ikawa halmashauri kamili ya manispaa, walitaka viti vinavyolingana na idadi yao na kodi yao, wakapewa vichache kuliko walivyodai. Maofisa walikuwa na jibu ambalo si la kupuuzwa: Nairobi ilikuwa mji mmoja, pesa ni chache, na kila mtaa uliamini unanyonywa na mwingine. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kunyonywa ukiwa mezani na kunyonywa ukiwa mlangoni. Aliyeko mezani anaweza kuuliza habari za mkokoteni.

Na yupo ambaye hata mlangoni hakufika. Waafrika ndio waliokuwa wengi katika mji huu tangu mwanzo, na katika miaka yote ninayoizungumzia hawakuwa na diwani hata mmoja. Walijijengea vijiji vyao, Pangani, Maskini, Kaburini, Mji wa Mombasa, majina ambayo Kiswahili chake kinajieleza. Kamati iliviona vijiji hivyo kama ilivyoiona Bazaari, uchafu unaosubiri kuondolewa, na kuanzia mwaka 1919 ikapangwa Pumwani iwe mahali pa kuwakusanya. Habari hiyo ni ndefu, inataka makala yake. Naitaja kwa sababu moja tu: hoja ya bwana afya juu ya Maskini ilitoka kwenye jalada lile lile la Bazaari, neno kwa neno, na wenye maduka wa Bazaari, waliokuwa wakilalamika kwa sauti juu ya mstari uliochorwa kuwazunguka, hawakusikika sana wakiulalamikia ule uliochorwa kuwazunguka wengine. Ninayemtetea hapa simtetei kwa hilo.

Mwaka 1923 serikali ya Uingereza, katika waraka unaokumbukwa kwa jina la waziri wake, Devonshire, ilitangaza kwamba kutenganisha makazi ya mijini kwa sheria kumeachwa. Ukisoma hapo utadhani kesi imefungwa. Lakini mitaa ilikuwa imeshajengwa, mabomba yalikuwa yameshafukiwa yanakokwenda, na masharti ya hati za viwanja yaliendelea kufanya kwa utulivu kazi iliyokuwa ikifanywa na kanuni. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wale wanaosema ubaguzi wa Nairobi ulikuwa uamuzi mmoja mbaya wa watu wabaya. Uamuzi mmoja hufutwa na waraka mmoja. Huu uliwekwa kidogo kidogo, na watu wa kawaida waliokuwa wakimaliza ajenda ili wakapate chakula cha mchana: ploti ipimwe wapi, mtaro uishie wapi, ilani apewe nani. Na siwezi kukubaliana na wenye picha yao pia. Barabara ile pana ilikuwa safi, nakubali. Ilikuwa safi kwa sababu ghala la chakula, vyoo na usingizi wa watu waliouendesha mji vilikuwa vimesukumwa kwenye mitaa michache nyuma yake. Kama ningepewa kuandika hati ya mashtaka, ningemwandikia mpima ardhi kabla ya kumfikia bwana afya, na mwenye duka angeitwa kama shahidi.

Mtaa wa Bazaari leo ni Biashara Street. Panauzwa kanga, vikoi, nguo za watoto, na wikendi hupati pa kukanyaga. Vichochoro vya mkokoteni bado vipo katikati ya mji, vingine vimejaa wauza chai na mafundi wa simu. Upande wa River Road, nyuma ya jengo moja la zamani, nimeona ukutani, karibu na ardhi, alama ya mraba iliyozibwa kwa matofali ya rangi tofauti na mengine. Nilimuuliza kijana aliyepanga bidhaa zake chini yake palikuwa na nini. Aligeuka, akapatazama kama mtu anayepaona kwa mara ya kwanza, akasema labda ulikuwa mlango wa paka.